Studio Kigoma, safari ya Dar au biti za mtandaoni: prodyuza huru achague ipi?

Swali huja kwa midomo tofauti lakini ni lile lile. Kijana anajua kupiga biti, ana kompyuta yenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, aliyoipata kwa mshikaji kwenye flashi, ngoma zake mbili tatu zimeshapigwa kwenye harusi za Gungu, na sasa anataka hii iwe kazi. Abaki Kigoma afungue studio yake? Apande treni aende Dar akatafute jina? Au ajifungie chumbani awauzie biti watu wa mbali? Nimezijaribu zote tatu, na moja ilinirudisha nyumbani na begi jepesi kuliko nililoondoka nalo. Nitazilinganisha kwa yale yanayouma kweli: nani anayekulipa, chumba na umeme, jina linakuaje, na kazi inabaki mali ya nani.

Naongea na mtu ambaye tayari anaweza kumaliza wimbo, yaani biti, vokali, miksi hadi masta. Kama bado, kakae kwa mtu miezi sita umfagilie studio huku ukitazama vidole vyake. Hakuna njia kati ya hizi tatu itakayokubeba kabla ya hapo.

Nani anayekulipa

Tuanze na hela, mengine yatafuata.

Kigoma, usidanganywe na vijana wa Bongo Fleva. Ndio wengi mlangoni na ndio wanaolipa kidogo kuliko wote. Mmoja anakuja na washikaji sita, wawili wanakalia spika, anarekodi vesi moja kwa saa nne, kisha anaondoka akisema, "Kaka, nitakucheki." Siwachukii, nami nilikuwa mmoja wao. Ila ukipanga bajeti ya studio kwa kuwategemea hao, mwezi wa tatu mwenye nyumba atakuwa amebadilisha kufuli.

Anayelipa kodi ya chumba Kigoma ni kwaya. Mkoa umejaa kwaya: Wapentekoste, Waanglikana, Wakatoliki, Wasabato, na kila kwaya inayojiheshimu inataka albamu. Kwaya haina haraka. Inachangishana, inafanya harambee, mweka hazina anakuja na bahasha ya noti za elfu mbili mbili, lakini hela inakuja, tena kwa nyimbo nane au kumi kwa mkupuo. Ukiwaudhi, Jumapili hiyo hiyo kanisa zima linajua. Ukiwaridhisha, Jumapili hiyo hiyo kanisa la jirani nalo linajua.

Kazi hiyo ina ufundi wake. Watu thelathini hawaenei chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, kwa hiyo unarekodi sauti ya kwanza peke yao, kisha ya pili, ya tatu, halafu besi, na wanaosubiri unawatafutia benchi nje chini ya mwembe. Uliza mapema kuhusu ngoma. Kwaya nyingi za Kisabato hazitaki ngoma kabisa, na prodyuza aliyekesha akizipanga ataambiwa asubuhi, kwa upole wa kutisha, "Mwalimu, hizo zitoe." Ujiji ni hivyo hivyo kwa kaswida: wapo wanaokubali kinanda, wapo wanaotaka dufu tu, na wapo wanaotaka sauti tupu. Asiyeuliza atafanya kazi mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Baada ya kwaya yanakuja matangazo. Duka la simu Mwanga, boti za abiria za Kibirizi, shule binafsi inayotafuta wanafunzi, mradi wa kuhimiza kunawa mikono unaotaka ujumbe kwa Kiswahili na Kiha. Kwangu tangazo la sekunde thelathini hulipa sawa na wimbo mzima wa kijana, linakwisha siku moja, na mwenye duka akilipenda anarudi Idi, anarudi Krismasi, anarudi shule zinapofunguliwa. Harusi nazo zina wimbo wa kuwaingiza maharusi ukumbini, wenye majina yao na ya wazazi. Mwili wa wimbo unabaki, majina yanabadilika. Siasa ni ya msimu, lakini mwaka wa uchaguzi studio hailali. Hapo nina sheria moja: hela yote kabla faili halijatoka. Mgombea aliyeshindwa hapokei simu. Aliyeshinda naye hapokei.

Na kalenda ya hela ya Kigoma haiendi kwa mwezi wa mshahara peke yake, inaenda pia kwa mwezi wa mbinguni. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala ufukweni, na vijana wa Katonga na Kibirizi wana nafasi na, kama giza lililopita lilikuwa la neema, wana chochote mfukoni. Usiku huo siupangii kwaya, nauacha kwa ajili yao. Mwaka 2024 ziwa lilipopumzishwa uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, wengi walishangaa kunisikia nikilalamika kuliko mwenye mtumbwi. Mtu akitaka kufungua studio hapa bila kuangalia ziwa, ni sawa na kufungua duka la mbolea bila kuangalia mvua.

Dar hesabu ni nyingine. Mteja anayelipa vizuri ni msanii mwenye meneja, na huyo hanunui biti peke yake, ananunua na sahihi ya aliyeipiga. Ngoma ikianza na jina la S2kizzy au la Laizer, dijei anainua masikio kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Wewe wa Kigoma sahihi yako haijulikani, kwa hiyo unaanza chini: unakaa kwenye studio ya mtu, unashughulikia wateja wake, unapewa posho ya siku na sehemu ya kulala. Huo si utumwa, ni ufundi kama wa gereji. Tatizo ni kwamba gereji ina siku ya kuhitimu, na studio nyingi hazina.

Mtandaoni mteja ni rapa wa mbali asiyejua Kigoma iko wapi, na hilo halimhusu. Biashara yenyewe, kwenye masoko kama BeatStars, ina sura mbili. Unaweza kuikodisha biti ile ile kwa watu wengi kwa bei ndogo, kila mmoja akiwa na ruhusa yenye mipaka, au kuiuza jumla kwa mtu mmoja na kuiondoa sokoni. Uzuri ni dola, na hakuna anayekalia spika zako. Ubaya ni wingi: biti ishirini ni kama kusimama soko la Mwanga na fungu moja la nyanya. Wanaoishi kwa kazi hiyo wana mamia ya biti na wanapandisha mpya kila wiki, kila moja na jina la kumvuta anayetafuta mtindo wa msanii fulani. Mimi nilifika biti arobaini na tatu. Niliuza nne, na moja ilinunuliwa na binamu yangu aliye Canada ambaye nashuku alinihurumia.

Chumba, umeme na bati

Kwa miaka mingi Kigoma iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa, na prodyuza wa zamani wa hapa utamjua kwa kidole: kila baada ya sekunde chache anabonyeza kuhifadhi kazi, hata akiwa anaandika barua. Tangu gridi ifike mwaka 2022 mambo yamelainika, lakini UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika ghafla, bado ni ya lazima kuliko maiki ya pili. Ukitaka kufanya kazi umeme ukikatika, piga hesabu hivi. Betri ya volti 12 yenye 100Ah ina wati-saa 1,200. Kama ni ile ya asidi, usiivute zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600. Kompyuta mpakato, saundi kadi na spika ndogo zikila wati 120, unapata saa tano kwenye karatasi na kama nne kweli, maana inveta nayo inakula. Kompyuta ya mezani itakupa nusu ya hizo au chini yake. Kwa Kigoma basi, mpakato. Dar watakucheka, waache.

Adui mkubwa zaidi ni bati. Mvua zinaanza kuelekea Novemba na zinaendelea hadi Aprili au Mei, na mvua ikigonga bati hakuna programu ya kuitoa kwenye vokali. Weka dari kabla hujanunua spika kubwa. Trei za mayai ukutani ni pambo: zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, lakini hazizuii kelele kuingia wala kutoka. Magodoro chakavu na mablanketi mazito yanafanya kazi zaidi kwa hela ndogo. Kama chumba kiko karibu na barabara ya bodaboda, acha maiki ya kondensa inayohitaji volti 48 na inayosikia hadi kuku wa jirani. Chukua ya dainamiki, muimbaji aisogelee, maisha yaendelee. Na ukiwa Ujiji panga vokali kati ya adhana na adhana. Mimi hupumzika Adhuhuri na Alasiri, watu wanakunywa chai, hakuna anayekereka.

Ukienda Dar gharama zote hizi ni za mwenye studio, na hapo ndipo mvuto ulipo: unagusa vifaa ambavyo Kigoma ungevinunua baada ya miaka mitano. Ila unavigusa saa nane usiku, wateja wakishaondoka. Kodi ya chumba, nauli ya daladala na chakula ni zako.

Mtandaoni ndiko kwa bei rahisi kuanza, kwani hata maiki huhitaji: kompyuta, hedifoni nzuri, programu halali. Hili la programu halali vijana hulipuuza hadi siku linapowauma. FL Studio ya majaribio itakuruhusu kutengeneza na kutoa wimbo, lakini kazi uliyohifadhi haitafunguka tena hadi ununue, na mteja wa mbali karibu kila mara anarudi kutaka kitu kibadilishwe. Ya kwenye flashi itafunguka, hadi siku itakapokuja na virusi na kuondoka na kazi zako zote. Kama hela ni ndogo, Reaper ina leseni ya dola 60 kwa mtu mwenye kipato kidogo. Haina mapambo, lakini inarekodi kwaya vizuri kuliko nyingi za bei ya juu.

Halafu bando. Traki moja ya mono ya dakika tatu na nusu, kwa biti 24 na 48 kHz, ni megabaiti 30 hivi. (Biti hizi si zile za kucheza. Lugha yetu imetubana hapo.) Wimbo wa traki arobaini unafika gigabaiti 1.2, na mteja anayenunua jumla anataka traki zote. Mimi hupandisha alfajiri mtandao ukiwa mwepesi, kisha narudi kulala.

Dar, kwa mgongo wangu

Nilikwenda kwa treni, kompyuta ya mezani imefungwa kwenye blanketi kama mtoto. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, na tangu hapo mji huu umekuwa ukisafirisha watu wenye vipaji kama unavyosafirisha mawese. Zamani sababu ilikuwa wazi. Bendi za bara, zikiwemo Kiko Kids na Tabora Jazz za kule Tabora, hazikuwa na studio karibu. Kurekodi kulikuwa hasa Radio Tanzania Dar es Salaam. Ukitaka sauti yako itoke redioni, unasafiri. Leo studio iko mezani kwako, lakini masikio bado yako kule. Angalia wenye asili ya huku, Ali Kiba, Diamond, Mwasiti, Linex: Kigoma inawaita wake, na ni kweli, ila majina yalijengwa Dar. Wengi wao walikusanyika mwaka 2012 kama Kigoma All Stars, na nilipokuwa nawatazama nilihesabu waimbaji tu. Prodyuza anayeishi Mwanga sikumwona.

Nilikaa Dar miezi minane, kwenye studio ambayo sitaitaja. Niseme la haki kwanza: nilijifunza miksi kuliko miaka minne ya nyuma. Nilijifunza kumwambia mwimbaji arudie bila kumvunja moyo. Nilijifunza kwamba biti nzuri ni ile inayomwachia mwimbaji nafasi, na kwamba nilikuwa najaza kila tundu kama mtu anayeogopa kimya. Hivyo huwezi kuvipata kwa video za YouTube.

La pili ni kwamba biti yangu moja ilitoka na jina la mtu mwingine mwanzoni. Niliisikia kwenye daladala ya Sinza, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba. Nilipouliza, mwenye studio aliniuliza swali moja tu: "Mlikubaliana wapi?" Hatukuwa tumekubaliana popote. Nilikuwa nimekula kwake, nimelala kwake, nimetumia umeme wake, na kwa mahesabu yake biti ilikuwa imeshalipwa kwa ugali. Simlaumu kama nilivyomlaumu siku ile. Wala simsifu.

Kwa hiyo nikilinganisha kukua kwa jina: Dar linakua haraka likianza kukua, lakini linaweza lisianze kabisa. Mtandaoni linakua bila sura, watu wanakijua kijina chako cha kisoko na hakuna anayekualika kwenye harusi. Kigoma linakua polepole kama mchikichi, na ukishazaa unazaa miaka. Na bara si lazima ubaki mdogo. Kid Bwoy aliijenga Tetemesha Records akiwa Mwanza, na wasanii walimfuata huko huko. Inawezekana, ila mji lazima uwe na kitu ambacho Dar hawana.

Sisi tunacho. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na mji huu una wapiga gitaa la solo waliolelewa kwenye sebene, watu ambao ukiwawekea kibwagizo cha sekunde nane wanakupa michoro sita tofauti kabla chai haijapoa. Wengi wanapiga makanisani Jumapili na kuuza vitenge siku nyingine. Niliporudi kutoka Dar, kazi ya kwanza ya maana niliyopata ilitoka kwa prodyuza wa Dar niliyekuwa naye kule: alitaka solo la kweli, amechoka na la kwenye kinanda. Nikamwita mzee mmoja wa Buzebazeba, tukarekodi mchana mmoja, tukamtumia traki, tukagawana. Tangu siku hiyo wananitafuta kwa ajili hiyo kuliko kwa biti zangu, jambo ambalo linaniumiza kidogo na kunilipa vizuri.

Karatasi

Hapa njia tatu zinatofautiana sana, na hapa ndipo vijana hawapendi kusoma.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi inalindwa tangu inapoundwa. Kuiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, si sharti la kuwa na haki, ila ni ushahidi mzito siku ya ugomvi. Haki za kiuchumi za mtunzi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Fikiria hilo unapoikabidhi biti kwa sahani ya chipsi.

Kigoma wewe ndiye mwenye karata. Andika ukurasa mmoja kabla ya kurekodi: nani ametunga maneno, nani melodi, nani biti, asilimia ngapi kwa kila mmoja, nani anapandisha wimbo mtandaoni, na je, malipo ya studio yamenunua biti au yamelipia muda tu. Wote watie sahihi, piga picha kwa simu, tumianeni. Kwaya wanaelewa upesi kwa sababu wana katibu. Vijana watakuambia, "Kaka, sisi ni familia." Familia ndiyo inayogombana kwenye mirathi.

Dar ukiingia studio ya mtu bila mkataba, chukulia kwamba kila unachotengeneza pale kitahesabiwa chake, na kujitetea kutakuwa kazi yako. Mtandaoni mkataba umeshaandikwa na soko lenyewe, kwa Kiingereza, na kazi yako ni kuusoma: biti uliyoikodisha kwa watu kumi usimuuzie wa kumi na moja kama ya peke yake, kwa sababu mfumo wa utambuzi wa YouTube utawagonganisha na wote watakuandikia wewe. Pia hakikisha una njia ya kupokea hela hapa Tanzania kabla hujauza biti ya kwanza, si baada. Hela iliyokwama nje ni sawa na samaki uliyemwona majini.

Usajili mwingine niutaje haraka: BASATA kwa kazi ya sanaa, jina la biashara BRELA, TIN, leseni ya manispaa. Afisa utamaduni wa manispaa anakuelekeza, na mashirika yanayolipa vizuri hayatakupa kazi ya tangazo bila karatasi hizo. Kwa studio ya Kigoma hili si urasimu, ni mlango wa wateja. Anayeuza biti peke yake chumbani halimbani kwa kasi hiyo.

Na kila wimbo unaotoka uwe na ISRC, ile namba yenye herufi na tarakimu, jumla 12, inayoutambulisha popote unapochezwa. Kampuni ya usambazaji mtandaoni hukupa wakati wa kupandisha. Wimbo wa kwaya uliosambazwa kwa flashi tu hauna namba, na usio na namba ni vigumu kuudai.

Kitu kidogo cha mwisho cha kulinganisha, ambacho hakuna aliyeniambia: masta, yaani toleo la mwisho la wimbo. Kwenye Spotify wimbo uliobanwa kupita kiasi unashushwa sauti hadi karibu −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ubabe wako unapotea. Kigoma masta inapimwa kwenye bajaji. Isipotikisa kioo cha nyuma, mteja anarudi. Mimi natoa mbili, moja ya mtandaoni na moja ya bajaji, na sielezi tofauti isipokuwa nikiulizwa.

Nani aende wapi

Kama una miaka ishirini na mbili, huna anayekutegemea, na masikio yako bado yana njaa, Dar itakupa shule ambayo Kigoma haina. Nenda kama mwanafunzi mwenye tarehe ya kurudi, na hela ya kula ya miezi sita ambayo haitoki kwa mwenye studio. Kama una mtoto au mzazi anayekutegemea, fungua Kigoma, anza na kwaya moja na maduka mawili, Bongo Fleva iwe ya usiku. Mtandao usiufanye mguu wa kusimamia. Uwe wa pembeni, biti mbili kwa wiki mchana ambao hakuna mteja, na uone baada ya mwaka. Kama wewe ni mtu usiyependa watu, nakuelewa, na kwako mtandao unaweza kuwa wa kwanza, lakini basi uwe na nidhamu ya mwoka mikate.

Kuna wanaouliza kuhusu Tabora: je, huo nao si mji mkubwa wa njia panda za reli, wenye historia ya bendi? Ni kweli, na kwaya zipo tele. Ila solo la Kongo na hela ya dagaa utaviacha huku.

Simu ikitoka Dar

Siku moja simu itaita, mtu atasema amesikia kazi yako na anataka uje. Usikatae, na usifunge blanketi usiku huo. Muulize nitalipwa kwa wimbo au kwa mwezi. Muulize jina langu litasikika mwanzoni au litaandikwa kwenye maelezo tu. Muulize biti nilizokuja nazo kwenye diski yangu ni za nani nikianza kufanya kazi kwako. Muulize kama naweza kuendelea kutuma magitaa ya Kigoma kwa wengine.

Akisema, "Wewe njoo kwanza, tutaongea," mwambie utafika akishakutumia kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, na umalizie kwaya iliyoko benchi chini ya mwembe. Akijibu yote manne, kanunue tiketi, na kabla ya kupanda mwachie mama nauli ya kukurudisha.